Miaka 66, Rongai hadi Magadi na kurudi kwa baiskeli: nimerudi kwa pikapu ya mbuzi

MwalimuMstaafu (Rongai)
Wakuu, hamjambo. Mimi ni mwalimu wa jiografia niliyestaafu, miaka 66. Baiskeli nilianza upya nikiwa na 59, baada ya daktari kuniambia presha imepanda na tumbo nalo. Nilianzia msitu wa Karura, nikaenda Limuru kupitia Banana, nikaenda Thika, na mwaka jana nikafanya kilomita 130 kwa siku moja. Nikajiambia: 200 kabla sijafika 67.

Jana nikajaribu. Kutoka kwangu Rongai hadi Magadi na kurudi ni karibu kilomita 190, zilizobaki nilipanga kujazia pale ziwani. Mnaoijua barabara hiyo mnajua mtego wake. Ukishapita Kona Baridi, karibu mita elfu mbili juu ya bahari, unateremka tu mpaka Magadi ambayo iko karibu na 600. Unakwenda ukiimba. Halafu unageuka, jua la saa tano liko utosini, na kila mita uliyoteremka unadaiwa.

Nilifika Magadi saa nne asubuhi nikiwa sawa kabisa. Kurudi, kabla ya Olorgesailie, kichwa kikaanza kuuma, kichefuchefu, mapaja yakakaza kama mbao. Nilikuwa nakunywa maji kama ngamia, si chini ya lita saba tangu alfajiri, na bado kadiri nilivyozidi kunywa ndivyo nilivyozidi kuharibika. Nikatapika kando ya barabara. Mwenye pikapu aliyekuwa anapeleka mbuzi Kiserian akanionea huruma. Nililala na baiskeli yangu katikati ya mbuzi wanaokwenda kuchinjwa, nikaona wao wanafahamu hali yangu kuliko mimi.

Swali: ni umri? Kuna mtu hapa aliyepita 60 na anafanya 200? Au mama watoto ana haki anaposema niuze?

---

Kijana_wa_Umoja
Mzee wangu pole. Nitasema tu ukweli bila kukukosea heshima. Babangu ana 68, ameanza hii mambo ya baiskeli mwaka huu, na sisi nyumbani hatulali. Thika Road pekee imejaa boda ndani ya njia ya baiskeli, matatu zinapanda hadi pale. Kwa nini wazee wasitembee tu Karura asubuhi, wakunywe chai, warudi? 200 ni ya nini?

---

FundiSpoku (Kawangware)
Mwalimu, kabla hujalaumu umri tuambie gia. Unapandia jino ngapi?

---

MwalimuMstaafu
@FundiSpoku Ni mtumba wa chuma, wa miaka ya themanini nadhani. Mbele 52 na 42, nyuma kubwa kabisa ni 26. Ni baiskeli nzuri sana, usiitukane.

---

FundiSpoku
Siitukani, naililia. 42 kwa 26 maana yake kila ukizungusha pedali mara moja gurudumu linazunguka zaidi ya mara moja na nusu. Hiyo ilikuwa ya vijana wa mashindano wa kilo 60. Kupanda kutoka Olorgesailie hadi Kona Baridi na hiyo gia, unasukuma kwa magoti, si kwa mapafu. Unataka mzunguko mmoja kwa mmoja: 34 mbele, 34 nyuma. Kranki yako ya zamani haitakubali 34, itabidi kubadilisha kranki (mikono ya pedali na meno ya mbele) na kaseti (meno ya nyuma), na dereila ya nyuma (inayohamisha mnyororo) yenye mkono mrefu. Ukiwa pale weka tairi za 32 kama fremu ina nafasi, upunguze upepo. Mikono yako itanishukuru.

Wazee wengi wanaokuja kwangu wanataka baiskeli nyepesi. Mimi nawaambia pesa ya kupunguza kilo moja ya baiskeli nunua meno ya nyuma. Kilo moja hata chooni inatoka.

---

NesiWaZamani (Kikuyu)
Nimecheka na ya FundiSpoku lakini nimerudi kusoma ya Mwalimu mara tatu. Mimi nimekuwa muuguzi miaka 34, nimestaafu, nina 62, naendesha Jumamosi na akina mama wenzangu Tigoni na Red Hill.

Mwalimu, nijibu haya manne, na usinifiche:
Vidole vilivimba? Pete ilibana?
Ulikojoa mara ngapi baada ya Magadi, na mkojo ulikuwa wa rangi gani?
Kwenye hayo maji lita saba uliweka nini?
Dawa ya presha unayokunywa ni ya aina gani?

---

MwalimuMstaafu
@NesiWaZamani Umejuaje ya pete? Ilikataa kutoka mpaka usiku, tukatumia sabuni. Mkojo nadhani mara moja, mweupe kama maji. Maji yalikuwa maji tu. Nilikula ndizi tatu na mkate. Dawa ni ile ya kukojoza, naimeza asubuhi, nimeitumia miaka sita.

---

NesiWaZamani
Nilivyohofia. Sikuwa pale na siwezi kupima damu kwa simu, lakini hizo dalili haziniambii habari ya kiu. Mtu aliyekaukiwa mkojo wake ni wa rangi ya chai, na vidole havivimbi. Wewe ulikuwa unazama. Ulitoa jasho la chumvi kwa saa nane, ukarudisha maji matupu, na dawa yako nayo kazi yake ni kutoa maji pamoja na chumvi kupitia figo. Sodiamu ya damu ikishuka, maji yanaingia ndani ya seli, na seli za ubongo hazina pa kutanukia. Ndiyo maana kichwa, ndiyo maana kutapika. Watu wamekufa kwa hili kwenye mbio za marathoni, wakihudumiwa na wenzao kwa maji zaidi. Huyo mwenye mbuzi alikuokoa kwa kukutoa barabarani.

Nenda kwa daktari wako wiki hii, upimwe sodiamu na figo, umwambie waziwazi kwamba unaendesha kwa saa kumi na mbili kwenye joto. USIACHE dawa mwenyewe. Kuna dawa nyingine za presha, yeye ndiye atakayeamua.

Na jambo la umri ni hili, kwa sababu umeuliza. Mtu akizeeka, kiu huchelewa kuja. Mwili umeshapungukiwa na maji lakini haujakuambia. Kwa hiyo wazee tunaambiwa tunywe kabla ya kusikia kiu, tunasikia nusu, tunakunywa pipa. Dawa yake ni mizani ya bafuni. Jipime uchi kabla ya kutoka, jipime uchi ukirudi. Umepungua kilo moja, umepoteza karibu lita moja zaidi ya ulichokunywa. Ukirudi UMEONGEZEKA, umekunywa kupita kiasi. Fanya hivyo safari nne tano za saa tatu, utajua mwili wako unataka kiasi gani kwa saa, kisha unakwenda kwa saa ya mkononi.

Moja ya mwisho: umemeza brufeni yoyote siku hiyo?

---

MwalimuMstaafu
Mbili. Kwa ajili ya goti, pale Magadi.

---

NesiWaZamani
Mungu wangu. Brufeni, joto, na dawa ya kukojoza, zote juu ya figo za miaka 66. Usirudie. Goti mpelekee FundiSpoku.

---

PwaniTaratibu (Mombasa)
Shikamoo Mwalimu, na pole kwa yaliyokukuta. Mie nipo Bamburi, umri wangu 58, kila mwezi nakwenda Malindi kwa baiskeli na kulala huko, kilomita mia na ushee. Kwetu hakuna mlima lakini kuna kusi, na upepo wa kusi ni mlima usio na kilele.

Nina suali kwa dada yetu nesi. Nina saa ya kupima mapigo ya moyo. Mwanangu kanambia nitoe umri kwenye 220, yaani 162, nisizidi asilimia fulani. Sasa mie hata nikihema kama fahali saa inaniambia 112. Nikadhani imeharibika, nikanunua nyengine. Nayo 112.

---

NesiWaZamani
@PwaniTaratibu Saa ni nzima. Unakunywa dawa ya presha au ya moyo ambayo jina lake linaishia na "-olol"?

---

PwaniTaratibu
Subhanallah. Naam.

---

NesiWaZamani
Hiyo dawa kazi yake ni kuuzuia moyo usikimbie. Namba za kwenye saa hazikuhusu tena. Na hata kwa asiyetumia dawa, hiyo 220 ni makisio tu. Kuna kanuni nyingine ya 208 ukitoa umri mara 0.7, Mwalimu kwa mfano ya kwanza inampa 154 na ya pili 162, na watu wa umri mmoja wanaweza kupishana mapigo kumi au zaidi juu na chini. Tumia mdomo: ukiweza kuzungumza sentensi nzima, hapo ndipo pa kushinda siku nzima. Ukibaki na neno moja moja, umepita. Maumivu ya kifua, au moyo kuruka ruka bila mpangilio, shuka. Usimalizie mlima kwanza.

---

MaktabaYaKabete
Nimeona swali la @Kijana_wa_Umoja limepitwa juu kwa juu: 200 ni ya nini? Nitajibu kwa yaliyopimwa.

Kuna Mfaransa aliyeitwa Robert Marchand, alizaliwa 1911. Mwaka 2012, akiwa amepita miaka 100, aliendesha kilomita 24 na ushee kwa saa moja uwanjani. Miaka miwili baadaye, akiwa na 102, alirudi akafanya 26.927. Yaani aliongeza kasi. Wanafiziolojia wa Ufaransa walimfuatilia: uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni ulipanda kutoka mililita 31 hadi 35 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika, baada ya miaka miwili ya mazoezi ya karibu kilomita 5,000 kwa mwaka. Gawanya kwa wiki: haifiki hata 100. Na asilimia 80 ya hizo alienda polepole, 20 tu kwa nguvu. Alifariki 2021 akiwa na 109.

Uingereza nako walipima waendesha baiskeli 125 wa miaka 55 hadi 79. Ili uingie, mwanamume ilibidi aweze kilomita 100 chini ya saa sita na nusu, mwanamke 60 chini ya saa tano na nusu. Mwaka 2018 wakatangaza kwamba misuli yao haikuwa imepungua kwa umri kama ilivyotarajiwa, na tezi ya thaimasi, ambayo hutengeneza seli za kinga na kwa kawaida husinyaa tangu ujana, ilikuwa bado inafanya kazi karibu kama ya vijana.

Lakini niseme na upande wa pili, maana hizi habari hupenda kusambazwa nusu. Wavutaji sigara, walevi na wenye presha hawakuruhusiwa kuingia kwenye kundi lile. Mwalimu hangeingia. Na Marchand alikuwa mmoja. Huwezi kujenga sera ya afya juu ya Mfaransa mmoja.

---

Kijana_wa_Umoja
Sawa, nimeelewa ya kinga. Lakini tezi ya thaimasi haikusaidii ukigongwa na nganya, yaani matatu, ya Rongai.

---

MwalimuMstaafu
@Kijana_wa_Umoja Hapo umesema kweli na sitakubishia. Mimi nimefundisha madereva wengi wa hizo nganya, najua walivyokuwa darasani. Ndiyo maana kwa kawaida natoka saa kumi au kumi na moja alfajiri, taa mbili nyuma, kioo kwenye usukani, na fulana ile ya njano ya mafundi wa barabara. Baada ya Kiserian magari yanapungua, yanabaki malori, na dereva wa lori ukimwonyesha mkono anakuachia nafasi kuliko mwenye gari dogo. Bado ni hatari. Mwambie babako asipite Thika Road saa mbili asubuhi kwa sababu kuna mchoro wa baiskeli chini.

Na 200 ni ya nini? Sina jibu la kitaalamu. Nilistaafu Ijumaa moja, Jumatatu hakuna mtu aliyenihitaji mahali popote. Kilomita 200 zinanihitaji kuanzia usiku wa kuamkia.

---

MamaWaTigoni
Mimi ni mmoja wa wale akina mama wa Nesi, nina 71. Nawasoma mkisifu misuli na hakuna aliyetaja mifupa. Baiskeli haikubebeshi uzito wako, kiti ndicho kinachobeba. Nilipimwa mfupa wa mgongo baada ya miaka minane ya kuendesha nikijiona simba, nikaambiwa umepungua. Na sisi wanawake baada ya kukoma hedhi unapungua haraka. Sasa mara mbili kwa wiki nanyanyua mtungi wa maji, nilianza na lita tano, niko kumi na tano, napanda ngazi za ghorofa nne nikiwa na shopingi. Anayeendesha tu bila kubeba kitu, siku akianguka ndio atajua.

Na kula nyama au maharagwe au mayai mkirudi, wanaume. Mnarudi mnakunywa chai na mkate mnalala.

---

PwaniTaratibu
Bi mkubwa nimekusikia. Jambo jengine, na akina dada mtanisamehe, kuna anayepata ganzi? Huko, namaanisha. Baada ya saa tatu sijui kama niko hai upande huo.

---

FundiSpoku
Hahaha mzee umeuliza kwa niaba ya taifa.

Kiti chako ni laini sana, nabet. Kila mtu ananunua kiti laini, kinazama, kinabana mishipa ya katikati. Unataka kiti kigumu kidogo, kipana vya kutosha mifupa miwili ya makalio ikae juu yake, chenye mfereji katikati. Kalia kadibodi juu ya ngazi ya simiti, ukiinuka utaona alama mbili, pima umbali, ongeza sentimita mbili hivi. Pua ya kiti iwe sawa au iinamishwe kidogo sana. Na simama kwenye pedali kila dakika kumi hata kama hujachoka.

---

NesiWaZamani
Na ganzi isiyoondoka baada ya kushuka, au ugumu wa kukojoa, hiyo si ya fundi. Wanaume wa umri huo mjipeleke mkapimwe.

---

AudaxMzee
Nimechelewa kuingia. Niliishi Uingereza miaka kumi na mbili, nikaendesha zile safari ndefu zinazoitwa audax. Si mashindano. Kwa 200 unapewa saa 13 na nusu, kwa 300 saa 20, kwa 400 saa 27, kwa 600 saa 40. Mama yao ni Paris–Brest–Paris, kilomita 1,200, ilianza 1891 na sasa hufanywa kila miaka minne, muda wa mwisho saa 90. Pale utashangaa mvi zilivyo nyingi.

Hesabu hiyo ya 200: hata 15 kwa saa haifiki, pamoja na kula, kukojoa na pancha. Siri ya wazee wale haikuwa kasi. Ni kwamba hawasimami ovyo. Kijana anakupita kama risasi, unamkuta kwenye duka amelala chini anatafuta mawimbi ya simu. Mzee anakula akiendesha, mfuko wa mbele umejaa. Mimi hapa nabeba viazi vitamu vilivyochemshwa, nduma, na chupa ya uji mwepesi wenye chumvi. Kila nusu saa kitu kidogo mdomoni, niwe nina njaa au sina.

Mwalimu, ulifika Magadi saa nne. Ulitoka saa ngapi?

---

MwalimuMstaafu
Saa kumi na mbili na robo.

---

AudaxMzee
Kilomita 95 kwa chini ya saa nne. Ndugu yangu, huo ni mwendo wa kijana wa miaka thelathini uliyekuwa.

---

MwalimuMstaafu
Ulikuwa mteremko.

---

AudaxMzee
Mteremko ni wa kupumzikia.

---

MwalimuMstaafu *(wiki tano baadaye)*
Nimerudi na ripoti. Daktari alinipima, sodiamu ilikuwa imesharudi lakini bado chini kidogo, akasoma uzi huu kwenye simu yangu mwenyewe, akabadilisha dawa. Akasema huyo nesi anaweza kurudi kazini kesho.

Nimejipima kwenye mizani safari sita. Asubuhi ya Limuru yenye ukungu napoteza kitu kidogo tu, nusu lita kwa saa inanitosha na kubaki. Siku niliyoshuka hadi Olorgesailie kwa jua, nilirudi nimepungua kilo 1.6 ingawa nilikunywa lita nne. Yaani mahitaji yangu yanazidi maradufu kutoka mlima hadi bonde, na kiu yangu kwa hizo siku mbili ilikuwa ile ile. Nimefundisha mwinuko na hali ya hewa miaka thelathini ubaoni.

Chupa moja sasa ina maji tu, nyingine ya chumvi na sukari: lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Nilimuuliza daktari juu ya chumvi na presha, akaniruhusu siku za safari ndefu tu. Kranki imebadilishwa kule Kawangware. Baiskeli sasa ina sura ya bibi harusi aliyevaa gambuti, lakini inapanda.

---

MwalimuMstaafu *(Julai)*
Nimetoka saa kumi kamili usiku, Jumamosi. Baridi ya Kona Baridi ilinifanya niamini jina. Mteremko nilipumzika kama nilivyoagizwa, breki mkononi, vijana wawili wakanipita na kunisalimia kwa huruma. Magadi saa tatu na dakika arobaini. Heroe walikuwa wachache lakini walikuwepo. Nikazunguka pale ziwani kujazia kilomita, nikala viazi nikiwa nimesimama.

Kurudi sitawadanganya. Joto lilikuwa la Julai lakini Magadi ni Magadi. Nilikunywa kwa saa ya mkononi. Pale Olorgesailie, ambapo watu wa kale waliacha mashoka yao ya mawe, nilisimama dakika kumi chini ya mgunga. Kutoka hapo nilikuwa nazungusha 34 kwa 34 mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Sehemu kali ya mwisho nilishuka nikasukuma, karibu kilomita mbili. Mtoto aliyekuwa na mbuzi akaniuliza, "Mzee, baiskeli imeharibika?" Nikamwambia hapana, ni mimi. Akanisukumia kutoka nyuma mpaka kwenye kona.

Kilomita 201. Saa 13 na dakika 10. Uzito kabla 71.4, baada 70.2. Pete inazunguka kidoleni.

---

AudaxMzee
Dakika ishirini za ziada. Ungeweza kulala.

---

NesiWaZamani
Nimewasomea akina mama kwa sauti. MamaWaTigoni anauliza huyo mtoto alilipwa?

---

MwalimuMstaafu
Alilipwa viazi viwili na fulana ya njano.

---

Kijana_wa_Umoja
Mzee hongera sana. Sasa nina shida nyingine. Babangu amesoma huu uzi wote, amenunua mizani. Anauliza kama kuna mtu wa rika lake wa kwenda naye Limuru, mimi siwezi kumfuata, nilijaribu wiki iliyopita akaniacha Ndenderu.

---

MwalimuMstaafu
Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, Karura mlango wa Limuru Road. Mwambie alete taa ya nyuma na asile brufeni. Nduma nitabeba mimi.